Je, imani niliyoificha nyumbani na kazini ni imani ya kweli?

"Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nina umri wa miaka 26. Nilimwamini Yesu takribani miaka miwili iliyopita kupitia rafiki yangu, na tangu hapo nasali na kusoma Biblia kwa siri, na Jumapili nikipata nafasi naenda ibadani na kukaa nyuma kabisa. Sijabatizwa. Wazazi wangu si Wakristo na hawajui lolote, na bado naishi kwao. Kazini nako hawajui. Mwezi uliopita, tukiwa kwenye chakula cha mchana, mwenzangu mmoja aliniuliza kwa utani, 'Nasikia siku hizi umeokoka?' Nikacheka nikasema, 'Nani, mimi? Wapi!' Wote wakacheka, mazungumzo yakaendelea. Wiki hiyohiyo nikasikia mahubiri juu ya maneno ya Yesu kwamba atakayemkana mbele ya watu, naye atamkana mbele za Baba. Tangu hapo kila usiku narudia sala ya toba, nikihofu kwamba ile ya kwanza haikushika. Rafiki yangu ananishauri niandike ushuhuda wangu mtandaoni ili nivunje woga mara moja. Mwingine ananiambia matendo yanatosha, maneno si lazima. Nami nikijitazama naona hata matendo yenyewe yana kasoro: nina hasira za karibu, na ofisini tunasainiana daftari la mahudhurio kama wengine wote. Je, nimepotea? Na je, ni lazima nijitangaze? Nianzie wapi?"

Bwana asifiwe, ndugu yangu, na asante kwa kuandika kwa uwazi ambao, kwa maelezo yako mwenyewe, hujawahi kuuonyesha mbele ya watu wanaokujua. Barua yako ina maswali matatu yaliyosokotwa pamoja: kama jibu lako la mezani lilikuwa kumkana Kristo, kama mwamini analazimika kujitangaza, na kama mtu mwenye kasoro kama zako ana uso wa kujitangaza. Naanza na la kwanza kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi. Hujapotea. Ulichofanya ni kusema uongo kwa sababu ya aibu, na uongo huo uliambiwa mtu unayemfahamu kwa jina, mbele ya watu wengine unaowafahamu, na ndiyo maana dawa yake haipatikani katika sala ya usiku peke yake wala katika tangazo la mtandaoni. Inapatikana kwa watu walewale. Karibu yote nitakayokueleza yanatokana na hilo, kwamba kukiri imani ni ukweli ambao wanaotujua wanatudai kwanza, kwa sababu wao ndio wanaoweza kuyapima maneno yetu kwa maisha yetu, na wasiotujua huja baadaye sana.

Tuyatazame maneno yaliyokutisha pale yanapokaa, yaani Mathayo 10:32-33. Yesu anawatuma wale Thenashara, na mistari kadhaa kabla ya hapo amekwisha kuwaambia kwamba watapelekwa mabarazani, watapigwa katika masinagogi na kusimamishwa mbele ya maliwali na wafalme. Onyo la kukana linawahusu watu watakaolazimishwa kuchagua upande, na maisha yao yakiwa hatarini. Katika sura hiyohiyo, mstari wa 23, anawaambia kwamba wakifukuzwa katika mji mmoja wakimbilie mwingine, na katika mstari wa 16 amewataka wawe na busara kama nyoka. Kwa hiyo mafundisho yaleyale yanayokataza kumkana yanaruhusu kukimbia, kunyamaza kwa hekima na kutojipeleka penye hatari bila sababu. Wahubiri wengi huuchukua mstari wa 33 peke yake, wakauacha wa 16 na wa 23, na wasikilizaji wenye dhamiri nyepesi kama wewe ndio wanaobeba mzigo wa upungufu huo.

Halafu kuna Petro, ambaye naye aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake, kwa kuwa alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili. Alipomkana Yesu hakuwa mbele ya liwali. Alikuwa uani, akiulizwa na kijakazi aliyemtambua, na mara ya tatu akaapa na kulaani kwamba hamjui mtu yule. Hali yako mezani inafanana na ya uani kuliko ya barazani: hukutishwa na mtu mwenye upanga, uliona haya tu mbele ya wenzako. Injili ya Marko inasema kwamba asubuhi ya ufufuo wanawake waliambiwa wapeleke habari kwa wanafunzi "na Petro", akatajwa kwa jina ili asidhani ameachwa nje. Na Yohana 21 inasimulia jinsi Yesu alivyomuuliza mara tatu kama anampenda, baada ya kifungua kinywa kando ya ziwa, wanafunzi wengine wakiwa hapohapo. Petro aliruhusiwa kusema ndiyo mara tatu pale alipokuwa amesema hapana mara tatu, na kila alipojibu akapewa kazi ya kufanya. Kama mtu angehukumiwa milele kwa jibu moja la aibu, tusingekuwa na nyaraka mbili za Petro katika Agano Jipya.

Kanisa la kwanza lilikutana na jambo hili kwa ukubwa usioelezeka. Mwaka 250, kwa amri ya Kaisari Decius, wakazi wa Dola ya Kirumi walitakiwa kutoa dhabihu kwa miungu na kupewa hati ya kuthibitisha kwamba wametii. Baadhi ya hati hizo zimepatikana Misri, zikiwa zimeandikwa kwenye mafunjo. Wakristo wengi waliuawa au kufungwa, lakini wengi pia walitoa dhabihu, na wengine walinunua hati bila kutoa dhabihu yoyote, wakidhani kwa njia hiyo wameponea pembeni. Dhiki ilipopungua, walioanguka walibisha hodi wakiomba kurudi. Novatian, kasisi wa Roma, alisema Kanisa haliwezi kuwapokea. Cyprian, askofu wa Karthago huko Afrika Kaskazini, pamoja na maaskofu wenzake, alishika msimamo kwamba wapokewe kwa toba ya kweli na iliyopimwa, na Kanisa likafuata njia hiyo. Cyprian mwenyewe alikuwa amejificha wakati wa amri ya Decius, akaongoza kanisa lake kwa barua, na wapo waliomlaumu kwa hilo. Lakini mwaka 258 alipofikishwa mbele ya mtawala na kuulizwa, alikiri bila kusita na akakatwa kichwa. Ninakusimulia habari hii ili uone kwamba kujificha ni jambo moja na kukana ni jingine, na kwamba hata kukana kulikotiwa muhuri wa serikali kulikuwa na mlango wa kurudia.

Baada ya kusema hayo, sitaki uiweke barua hii kando ukiwa umetulia kupita kiasi. Yohana 12:42-43 inataja wakuu waliomwamini Yesu lakini hawakumkiri, kwa kuogopa kutengwa na sinagogi, na mwandishi anatoa sababu bila kuwaonea haya: walipenda utukufu wa wanadamu kuliko utukufu wa Mungu. Angalia kwamba hasemi hawakuamini. Anasema waliamini, na palepale anaonyesha kitu kilichokuwa kikiila imani yao kwa ndani. Nikodemo alikuwa karibu na kundi hilo. Alikuja kwa Yesu usiku, baadaye akamtetea kwa sentensi moja yenye tahadhari barazani, na mwishowe akaonekana mchana akileta manemane na udi kwa maziko. Alikwenda polepole, lakini alikuwa akisogea. Swali ninalokuuliza, na ambalo ni la maana kuliko lile la kupotea, ni kama katika miaka hii miwili wewe umesogea.

Woga wa namna yako una tabia yake, na ukiielewa utaacha kujiona mtu wa ajabu. Kila unapokwepa swali, unapata nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo inaufundisha moyo kwamba kukwepa ndiko kulikokuokoa. Mara ijayo woga unakuja mapema zaidi na ukiwa na nguvu zaidi. Wakati huohuo, kila jibu la kukwepa linajenga katika vichwa vya wenzako picha ya mtu usiye, na kadiri picha hiyo inavyokomaa ndivyo gharama ya kuirekebisha inavyopanda. Miaka miwili iliyopita ungewaambia tu kwamba umeanza kwenda ibadani. Leo unadhani inabidi uwaeleze pia kwa nini hukuwaambia. Ndiyo maana ushauri wa kungoja "mpaka niwe na ujasiri" haufai, kwa kuwa ujasiri wa aina hii hauji kabla ya tendo dogo la ukweli. Huja baada yake, kidogo kidogo.

Kuhusu sala ya toba unayoirudia kila usiku, naomba uiache. Simaanishi uache kusali wala kuungama makosa ya siku. Nasema uache kuirudia ile sala ya kumpokea Yesu kana kwamba ni ombi lililokataliwa kwa sababu ya kosa la uandishi. Katika Warumi 10:9-10, mahali panaponukuliwa mno katika jambo hili, Paulo anaunganisha kinywa na moyo, na katika mstari unaotangulia hapo ananukuu Kumbukumbu la Torati ili kusema kwamba neno li karibu nawe, katika kinywa chako na katika moyo wako. Hoja yake ni ukaribu: hakuna anayehitaji kupanda mbinguni kumleta Kristo chini. Ni jambo la kusikitisha kwamba mistari iliyoandikwa kuonyesha jinsi wokovu ulivyo karibu imegeuzwa na wengine kuwa mtihani wa matamshi, ambao mtu anaweza kuufeli bila kujua. Paulo hatoi hesabu ya mara ngapi kinywa kitamke, wala hasemi ni watu wangapi wawepo, lakini ni wazi hatarajii imani ibaki moyoni bila kupata njia ya kutoka.

Hapo ndipo ninapotofautiana na rafiki yako anayesema matendo yanatosha. Huenda amewahi kusikia usemi unaodaiwa kuwa wa Fransisko wa Assisi, kwamba tuhubiri siku zote na ikibidi tutumie maneno. Usemi huo haupatikani katika maandishi yake, naye alikuwa mhubiri asiyechoka. Kilichomo katika kanuni aliyowaandikia ndugu zake wa utawa mwaka 1221 kina faida zaidi kwako. Katika sura ya 17 anawataka ndugu wote wahubiri kwa matendo yao. Katika sura ya 16, akizungumza juu ya wale watakaokwenda kuishi kati ya Waislamu, anataja njia mbili: ya kwanza ni kutofanya ugomvi wala mabishano, kuwa chini ya kila mtu kwa ajili ya Mungu, na kukiri kwamba wao ni Wakristo, ya pili ni kulitangaza neno pale watakapoona kwamba inampendeza Mungu. Soma tena ile ya kwanza, maana nadhani imekukaa barabara. Hakuna mahubiri ndani yake, hakuna mjadala, lakini kuna kukiri. Matendo mema yasiyo na maelezo yoyote yatasomwa na kila mtu apendavyo, na mara nyingi sifa itabaki kwako: watasema una malezi mazuri.

Mtu aliyejadiliana na swali lako kuliko wote ninaowajua ni Marius Victorinus, mwalimu wa ufasaha, yaani sanaa ya kuhutubu, aliyeheshimika sana Roma katika karne ya 4 hata akajengewa sanamu, na ambaye Augustino, aliyekuja kuwa askofu na mwalimu mashuhuri wa Kanisa, alisimuliwa habari zake na mzee Simplicianus, aliyekuwa kasisi. Victorinus alisoma Maandiko, akamwambia Simplicianus faraghani kwamba tayari yeye ni Mkristo. Simplicianus akamjibu kwamba hatasadiki mpaka amwone kanisani. Victorinus akacheka na kuuliza kama kuta ndizo zinazomfanya mtu awe Mkristo. Mazungumzo hayo yalirudiwa mara nyingi, na Augustino anasema wazi kwamba kilichokuwa nyuma ya mzaha ni hofu ya kuwaudhi marafiki wenye vyeo. Siku moja, bila kutarajiwa, Victorinus akamwambia rafiki yake waende kanisani. Ulipofika wakati wa kukiri imani kabla ya ubatizo, mapadre walimpa nafasi ya kufanya hivyo faraghani, kama walivyozoea kuwapa wenye haya. Akakataa, akapanda mahali pa juu na kukiri mbele ya umati uliokuwa ukinong'ona jina lake. Mwaka 362 Kaisari Julian alipowazuia Wakristo kufundisha ufasaha, Victorinus aliiacha shule yake badala ya kuliacha alilolikiri.

Ninapenda mambo mawili katika habari hiyo. Kanisa lilikuwa na utaratibu wa kuwahurumia wenye haya, wala halikuwahesabu kuwa waumini wa daraja la pili, kwa hiyo usimruhusu mtu akuaibishe kwa kutokuwa na sauti kubwa. Lakini pia mzaha wa kuta, ingawa kwa hoja ulikuwa sahihi, ulikuwa maficho. Kuta hazimfanyi mtu kuwa Mkristo, ni kweli. Ila mtu anayekaa nyuma kabisa na kutoka kabla ya baraka, ili asisalimiwe, amehakikisha kwamba hakuna anayeweza kumuuliza kesho yake kwa nini hakuja.

Sasa mtandao. Sioni dhambi katika kuandika ushuhuda, na wapo waliosaidiwa sana na maneno ya mtu wasiyemjua. Kwako wewe, kwa sasa, nakushauri usifanye hivyo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni wazazi wako: hakuna njia mbaya zaidi ya mama kupata habari za mwanawe kuliko kuonyeshwa simu na mtu wa nje. Ya pili ni ya ndani zaidi. Tangazo kubwa huleta pongezi, na pongezi hushibisha. Mtu hujiona amekwisha kufika mahali ambapo ametangaza tu kwamba anakwenda. Katika mahubiri yaleyale ya mlimani Yesu anataka nuru yetu iangaze mbele ya watu waone matendo mema wamtukuze Baba, na muda mfupi baadaye anaonya juu ya kutoa sadaka, kusali na kufunga ili tutazamwe. Wengi huona hapo mgongano. Mimi naona maonyo mawili kwa watu wa aina mbili, yaani anayejificha anaambiwa atoke, na anayejionyesha anaambiwa aingie chumbani afunge mlango. Hatari ya ushauri wa rafiki yako ni kwamba unaweza kukutoa katika kosa la kwanza na kukutumbukiza katika la pili kwa siku moja.

Anza na yule mwenzako wa mezani. Mtafute mkiwa wawili, mahali pa kawaida, umwambie maneno machache yasiyo na utangulizi mrefu, kwa mfano: "Siku ile uliniuliza kama nimeokoka nikakwambia hapana. Sikukwambia ukweli. Namwamini Yesu, ni kama miaka miwili sasa. Niliona aibu tu mbele za watu." Kisha unyamaze. Usimwalike kanisani hapohapo, usimweleze makosa ya maisha yake, na usiombe asimwambie mtu, kwa kuwa ukiomba hivyo umelifukia tena ulilolifukua. Atakachosema huwezi kukipanga. Anaweza kucheka, anaweza kubadilisha mazungumzo, na si ajabu akakwambia alikwisha kujua, maana watu hawaokoti maswali ya namna ile hewani. Waliokuwepo siku ile watasikia kwa njia zao, na mmoja wao akikuuliza tena mezani, utajibu ndiyo na kuendelea kula. Hiki ndicho Petro anachokitaka katika waraka wake wa kwanza, 3:15, kwamba tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, kwa upole na kwa hofu. Anayejibiwa ni aliyeuliza, na kujibu kwa upole kunapendeza zaidi kukitoka kwa mtu aliyewahi kuogopa.

Wazazi ni jambo zito zaidi, na hapa nataka uwe na busara ya nyoka niliyoitaja. Jiulize kwa unyoofu unachokiogopa ni nini hasa. Kama ni huzuni ya mama na ukimya wa baba kwa majuma kadhaa, hiyo ni gharama halisi lakini inabebeka, na kila mwezi unaopita unaiongeza, kwa sababu watakachoumia nacho zaidi ni kwamba uliwaficha. Kama unaogopa kufukuzwa, basi fuata hesabu ya mjenga mnara katika Luka 14:28: hakikisha kwanza una mahali pa kulala na watu watakaokupokea, ndipo useme. Na kama unaogopa kupigwa au kudhuriwa, usiseme nyumbani kwa sasa. Zungumza kwanza uso kwa uso na kiongozi wa kanisa aliyekomaa, na ikibidi na vyombo vinavyolinda watu dhidi ya ukatili, kwa maana hakuna andiko linalomtaka mtu ajikabidhi kwa mkono wa kumuumiza pale anapoweza kukimbia.

Ukifika wakati wa kuwaambia, mwambie kwanza yule ambaye moyo wake uko karibu nawe, na uanze na yasiyobadilika: kwamba bado ni mtoto wao, utaendelea kuwatii katika yanayostahili, kuwatunza na kushiriki furaha na misiba ya nyumba. Usiigeuze imani yako kuwa hukumu juu ya dini yao. Utauliza bila shaka ufanye nini penye ibada za nyumbani, na hapo naikumbuka sana habari ya Naamani katika 2 Wafalme 5. Baada ya kuponywa ukoma na kuapa kwamba hatatoa tena dhabihu kwa mungu mwingine, alimweleza Elisha shida yake: bwana wake, mfalme wa Shamu, huingia katika nyumba ya mungu Rimoni akiegemea mkono wake, naye hulazimika kuinama pamoja naye. Elisha hakumpa kanuni, wala hakumkemea. Alimwambia aende kwa amani. Wafasiri wamebishana juu ya upana wa ruhusa hiyo, nami sitaki uitumie kuhalalisha kila kitu. Lakini inaonyesha kwamba Mungu anaijua tofauti kati ya mtu anayeabudu na mtu anayemshika mzee wake mkono.

Nakuja kwenye daftari la mahudhurio, ambalo umelitaja mwishoni kama jambo dogo, na ambalo kwangu ndilo lenye uzito mkubwa kuliko sehemu nyingi za barua yako. Saini yako mbele ya jina la mtu ambaye hajafika ni tamko la hadharani, tena lenye tarehe na saa. Ukisema Kristo ni Bwana wako na kesho yake asubuhi ukamsainia mwenzako, ofisi nzima itakuwa na matamko yako mawili, na itajua lipi liaminiwe. Zakayo alipomkiri Yesu alitaja viwango: nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Hakuna hotuba nyingine ya Zakayo iliyohifadhiwa. Kwa hiyo acha kusaini, na uache pia kusainiwa, ambalo mara nyingi ndilo gumu zaidi kwa kuwa linakugusa mfuko. Mwambie kila mmoja uliyekuwa ukibadilishana naye, faraghani na mapema, kabla hajachelewa siku ya kwanza: "Kuanzia wiki hii sitasaini kwa niaba yako, wala wewe usinisainie. Sikuripoti, lakini nikiulizwa sitadanganya." Wengine watakuona unajifanya mtakatifu. Watalegea wakiona kwamba siku uliyochelewa wewe, mstari wako ulibaki wazi na ukaubeba mwenyewe.

Hasira za karibu hazikuondolei haki ya kukiri. Wapo wanaosema ni afadhali kunyamaza mpaka mtu atengemae ili asilitie jina la Kristo aibu, na ninaelewa nia yao, lakini kwa kipimo hicho hakuna ambaye angefungua kinywa. Tena kunyamaza kunakunyima msaada: wasiojua unachokiamini hawawezi kukukumbusha. Kinachotakiwa ni kwamba toba yako iwe na eneo sawa na kosa lako. Ukimfokea mtu mbele ya wenzake, usiende kumwomba radhi kwenye korido pasipo na mtu. Rudi mbele ya walewale, useme ulikosea na hukuwa na haki ya kusema vile. Mkristo anayeomba radhi mara kwa mara hawaudhi watu kama wengi wanavyodhani. Anayewaudhi ni yule anayetafuta andiko la kufunika alichofanya.

Mwisho nitaje ubatizo, maana ndio tangazo ambalo Kanisa lenyewe limeliweka, nawe hujaupokea. Mapokeo hutofautiana hapa: wapo wanaobatiza walioamini tu, na wapo wanaobatiza pia watoto wachanga na kuwapa baadaye nafasi ya kuthibitisha katika kipaimara au kurudia ahadi zao. Kwa mtu mzima ambaye hajabatizwa, wote wanakubaliana kwamba ajifunze, aulizwe, ajibu kwa kinywa chake mbele ya kusanyiko, abatizwe. Katika utaratibu wa kale unaoitwa Mapokeo ya Mitume, wanafunzi wa ubatizo walifundishwa miaka mitatu, na kabla ya kukubaliwa waliulizwa wadhamini wao kama wamewaheshimu wajane na kuwatembelea wagonjwa. Kwa hiyo mtu aliyesimama kukiri alikuwa na watu nyuma yake waliokwisha kuyaona maisha yake, naye hakuwa peke yake. Hilo ndilo unalolikosa unapokaa nyuma kabisa, na ndilo ambalo ushuhuda wa mtandaoni hauwezi kukupa.

Jumapili ijayo basi usitoke kabla ya mwisho. Msubiri mchungaji au padre wa hapo, umwambie unataka kuanza mafundisho ya ubatizo, na umwombe nafasi ya kuzungumza naye faragha, kwa sababu yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyatosheleza. Mweleze hali ya nyumbani ili mpange pamoja wakati wa ubatizo na nani awepo. Kiongozi atakayekusukuma ubatizwe kwa haraka bila kutaka kujua usalama wako, au atakayekutaka uwakatie wazazi mguu, usimfuate, tafuta mwingine. Mweleze pia kuhusu ile sala ya kila usiku. Ikiwa baada ya kurekebisha uongo wako kwa mwenzako bado unajikuta unaisali tena na tena bila kuridhika, au unachunguza kila neno ulilosema mchana ukitafuta kama umemkana, hilo si tatizo la imani haba. Ni dhamiri iliyougua wasiwasi, jambo lililompata hata Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, alipokuwa Manresa, Hispania, mwaka 1522, akiungama dhambi zilezile bila kupata amani mpaka alipoamua kutoziungama tena. Hali hiyo ikikunyima usingizi, ikakushinda kufanya kazi, au ikakuletea mawazo ya kujidhuru, muone pia daktari au mshauri wa afya ya akili bila kungoja, na umwambie mchungaji wako umefanya hivyo ili wasaidiane. Kwa mwenzako wa mezani, lakini, huhitaji kumsubiri yeyote kati yao.